Wazee Waliokuja kwa Habari ya Paa

Umeme ulipokatika saa sita mchana, ofisi zote za lile jengo kuukuu la Garissa zilimwaga watu ngazini, wakijipepea kwa mafaili. Katika msukumano huo Tuye, hijabu ya rangi ya zafarani na buti zenye vumbi, aliangusha kipimajoto chake. Kijana mmoja aliyenyoosha shati lake barabara alikiokota, akakisoma.

"Thelathini na tisa. Hii joto ni ya ukuta ama ni yako?"

"Ya ukuta. Mwenye hii nyumba ana roho ngumu."

"Ni mimi na adeer zangu wanne," alisema Bishar, na wote wawili wakacheka.

Tuye alikuwa mhandisi wa kupima majengo yanayokula umeme. Ripoti yake ilisema paa lipakwe rangi nyeupe, madirisha yawekewe vivuli, na viyoyozi vya zamani ving'olewe. Gharama ingerudi kwa miaka minne. Wale adeer, yaani baba wadogo wa Bishar, waligoma. Walipe wao, bili iwapungukie wapangaji? Bishar akawa anapiga simu kila siku kuuliza hili na lile la ripoti, mpaka ripoti yenyewe wakaisahau. Siku hizo alimwita macaan, yaani mtamu wangu, na Tuye alijidai hakusikia ili aitwe tena.

Kisha Bishar akamwambia kwamba wazee wangefika kwa baba yake Tuye, Mzee Galma, siku ya Alhamisi. Tuye hakuuliza wanafuata nini. Binti gani huuliza? Mama yake alichinja mbuzi, majirani wa mtaa wa Waberi wakachungulia, hina ikapakwa. Wazee walikula wakashiba, ndipo adeer Noordin akatoa ripoti mfukoni. Kujadiliana bei na msichana bila baba yake waliona si adabu, basi wamekuja: rangi ya paa haiwezi kupunguzwa?

Nyuma ya pazia, hina mbichi mikononi, Tuye alitamani ardhi immeze. Hakupokea simu tena. Alikimbilia kazi Liboi, mpakani, na huko hakutulia. Alipima hata kuta ambazo hakuna aliyemtuma kuzipima.

Wiki ya tatu Bishar alimfikia, vumbi mpaka kwenye kope. Wapangaji wamekubali kodi ipande kidogo, alisema, maana bili itashuka zaidi. Paa tayari ni jeupe.

"Na mimi?" aliuliza Tuye. "Wazee wanne, Alhamisi, mlangoni kwa msichana. Ulidhani mtaa utafikiria nini?"

"Nilifikiria paa peke yake. Hapo nilikosa, wallahi. Nimekukosa usiku na mchana, Tuye. Wakubalie warudi, waje kwa ajili yako."

Tuye alitazama viganja vyake. Hina ilikuwa imefifia, hasira pia, ingawa hilo hakutaka Bishar alione upesi.

"Waje," alisema. "Lakini safari hii waseme kwanza, ndio mama achinje."