Mkeka Juu ya Keria

Wifi yangu Zuwena si mtu wa kuona mashetani. Amepika kwenye magari ya watalii miaka na miaka, amelala msituni, amelala kando ya makaburi ya kale ya Tongoni, na kitu pekee kilichowahi kumtoa usingizini ni mgongo wake mwenyewe. Siku ile walikuwa wanashuka kutoka Amani, yeye na dereva Luka, Mbondei mmoja mwembamba anayeendesha kama amepakia mayai. Wageni walishaondoka kwa gari jingine. Zuwena hakuwa na hamu ya kitu ila kufika Nguvumali kwa binti yake Mwatumu, aliyekuwa amejifungua na bado hajatoka arobaini. Ambebe mjukuu. Alale.

Gari lenyewe ni lile la kulala ndani, ambalo paa lake huinuka. Unasimama katikati, unasukuma kwa mikono miwili na utosi, paa linapanda na turubai linajikunjua ubavuni. Lakini juu ya paa kuna keria, na kwenye keria kuna dunia nzima: meza, viti vya kukunja, madumu ya maji, sanduku la masufuria. Ukitaka kulala, shusha kwanza vyote. Ukiamka, pandisha. Zuwena alikuwa ameshusha na kupandisha mpaka mabega yamemchoka yeye, si yeye kuyachoka.

Chini kidogo ya mashamba ya chai, mwanamke alikuwa amesimama kando ya njia. Kaniki, miguu mitupu, mkeka uliokunjwa kichwani. Hakupunga mkono. Luka alipopunguza mwendo, yule mama akasema taratibu, kama anayeomba maji ya kunywa:

"Nitueni."

Kwetu neno hilo halipingwi. Aliye chini ya mzigo akikwambia umtue, unamtua, hata awe mke mwenzio. Lakini lina adabu yake. Unashuka, mnasalimiana, unauliza mzigo wa nani na unakwenda wapi, ndipo unanyoosha mikono. Zuwena hakushuka. Miguu ilikuwa imemvimba. Alisema palepale dirishani, "Tumekutua, mama. Luka, uweke juu."

Luka akapanda, akaufunga. Aliporudi alisema mkeka ni mwepesi kama unyoya, ila unanuka kafuri, kama sanda. Walipogeuka wamwambie mwenyewe apande, alikuwa ameshafika konani, anakwenda mbio, shingo imenyooka, kama mbuzi aliyekatiwa kamba.

"Na mkeka wake?"

"Nilipokuwa naupokea alisema wa kuupokea yuko mbele," Luka alijibu.

Karibu na Muheza jua lilikuwa kali. Turubai lilikuwa limelowa mvua ya usiku, na likiachwa limekunjwa linaoza, basi wakasimama kando ya mkonge walianike. Walishusha kila kitu. Mkeka wakauegemeza kwenye gurudumu. Zuwena akaingia ndani, akasukuma.

Paa halikuinuka.

Akamwita Luka, wakasukuma wawili. Likapanda shibiri. Likasita. Kisha likarudi chini polepole, na bati likalia juu yao, kama mtu aliyelala amejigeuza upande.

Luka akatoka kuchungulia. "Mama Mwatumu," alinong'ona, "keria ni tupu."

Wakaukunjua mkeka. Hamna kitu. Ila katikati ukindu ulikuwa umebonyea, urefu wa mtu mzima.

Springi za gari zilikuwa zimelala. Bati likalia tena. Kisha sauti, juu ya dirisha.

"Nitueni."

Haikuwa sauti ya yule mama. Haikuwa sauti ya kitu kinachovuta pumzi.

Luka akaanza kuomba. Zuwena akamwambia aombe huku anapakia vyombo. Luka akataka walitelekeze gari pale pale, wakamweleze tajiri lolote. Zuwena akamuuliza nani atakayelifuata kesho, na litalazwa wapi. Gari lile hulala uani kwa Mwatumu, chini ya dirisha la mzazi na kichanga chake. Luka akaokota dumu lililofuata.

"Aliyesema tumekutua ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Basi."

Akavua khanga ya begani, akaisokota ngata, akaiweka utosini. Akapanda kwenye kizingiti cha mlango mpaka kichwa kikafika usawa wa keria.

"Njoo," alisema. "Sina nguvu ya kubishana."

Shingo ikazama. Magoti yakapiga kelele. Gari likainuka kwenye springi zake, na paa, bila mkono wa mtu, likafunguka lote.

Alimwambia Luka aende, na Mwatumu asimwekee chakula. Akalisikiliza gari mpaka likaisha masikioni. Akasimama. Hakuweza kukaa, ukikaa na mzigo, nani atakunyanyua? Malori yalipita. Pikipiki zilipita. Hakuna aliyeona kitu. Kichwani kafuri ilizidi.

Alasiri akaja mwanamke kijana anatoka shamba, mtoto mgongoni. Akasimama. Hakumtazama Zuwena usoni. Alimtazama juu ya kichwa.

"Shikamoo, mama. Umebeba kizito. Nikutue?"

Zuwena aliiona miguu ya mtoto inaning'inia. Viatu vidogo, vyekundu. Akamwaza Mwatumu.

Alichojibu hajakisema. Nimemuuliza, na mimi si mtu wa kuuliza mara moja.

Ninachojua ni kwamba alifika Nguvumali kwa basi kabla ya magharibi, shingo imenyooka. Akala wali sahani mbili. Akambeba mjukuu. Akalala fofofo.

Asubuhi Mwatumu aliichukua khanga ya mama yake aifue. Ilinuka kafuri. Kwenye pindo palikuwa na fundo gumu, akalifungua kwa meno.

Kiatu cha mtoto, kimoja, chekundu. Kilikuwa bapa kama jani, kama kilicholaliwa na kitu kizito.