Milio Minne ya Halvor

Jumamosi saa tisa alasiri filimbi ya injini ya mvuke ililia mara nne, fupi fupi, na tanurini hamkuwa na moto.

Verdell Tollefson aliihesabu milio hiyo akiwa peke yake katika tope. Mvua ilikuwa imevunja gwaride la tamasha la mashine kuukuu, na watu wa kaunti nzima walijibanza hemani wakila chapati za viazi. Kila mpura ngano wa Minnesota anaujua mlio huo: injini inaitisha gari la maji.

"Marit, nani kagusa filimbi?"

"Filimbi gani, Baba mdogo? Masikio yako yamechakaa kuliko injini," alicheka, akichungulia kutoka hemani, binti wa marehemu kaka yake Halvor, ambaye Verdell alimlea tangu akiwa na miaka sita. "Kesho naiwasha mwenyewe. Ukiogopa, kaa na akina mama wa kahawa."

Ndipo ilipomfikia harufu ya ngozi iliyochemka. Alikuwa ameinusa mara moja tu, miaka arobaini na sita iliyopita, Halvor alipoitisha maji papa hapa, kwa injini hii hii. Asubuhi hiyo Halvor alikuwa amemwita mvivu mbele ya watu. Verdell akaliweka neno hilo moyoni, akabaki ameketi juu ya gari la maji alilokuwa akiliendesha, akisikia. Boila ilikauka, bamba la chuma juu ya tanuri likapasuka, mvuke ukamchemsha Halvor akiwa hai. Verdell aliapa kwamba hakusikia kitu.

Jumapili, mchungaji alipokwisha kuzibariki mashine, Marit aliwasha moto. Kioo cha kipimo kilionyesha maji nusu. Saa tano filimbi ililia tena, mara nne, mikono ya Marit ikiwa mifukoni.

Safari hii Verdell hakukawia: alipanda jukwaa la injini mbio, akashika koki ya kuingizia maji, na hapo ile harufu ikamfunika uso kama shuka lililolowa, na pumzi ya moto ikamgusa shingoni, na sauti aliyoizika kwa mikono yake ikamnong'oneza, taratibu, karibu kwa upendo, "Fungulia, mdogo wangu, usichelewe tena," ikabaki kidogo tu afungulie, alipokumbuka kufungua kwanza bomba dogo la kujaribia kiwango cha maji, likatoa mvuke mkavu, bila tone.

Kioo kilidanganya. Maji baridi juu ya bamba lililoiva yangewarusha vipande vipande.

"Marit, usiguse maji! Moto uzimwe kwa tope!"

Walijaza tope tanurini hadi moto ukafa.

"Umejuaje?" Marit alihema. "Kioo kinaonyesha nusu!"

"Baba yako ameita. Siku ile pia aliita. Nilimsikia, nikakaa."

Marit alivua glavu, moja, kisha nyingine. "Dakika ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kumbe ulihesabu." Akamtazama kama mtu asiyemjua. "Shuka kwenye injini ya baba yangu, Verdell."

Tangu utotoni hakuwahi kumwita kwa jina.

Hemani, ulimi ukiwa umemkauka, Verdell alijaza kikombe kwenye pipa. Kilipofika mdomoni kilikuwa kikavu, na cha moto. Akajaza cha pili. Cha tatu. Mvua ilipiga turubai bila kukoma, na huko nje filimbi ikaita mara nne, wala hapakuwa na kichwa kingine kilichogeuka.