Mafuta Juu, Maji Chini

Masomo yalipokwisha, wenzake walikimbilia uwanjani. Njiti alishika njia ya gatini. Jina lake la shule alilitaja mwalimu peke yake. Watu wengine wote walimwita Njiti, kwa kuwa alikuwa mwembamba kama njiti ya kiberiti, na hasira zake ziliwaka upesi vilevile.

Baba yake alifanya kazi mbali, akamwacha kwa dada yake. Shangazi huyo alikuwa nahodha wa boti ya abiria iliyotoka ghubani kwenda kisiwani na kurudi. Kazi ya Njiti kila alasiri ilikuwa ileile: kupiga deki, kufuta chumvi kwenye vioo, na kupanga majaketi ya kujiokolea chini ya viti. Shangazi hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa mcha Mungu na msema machache, lakini kila neno lake lilikuwa na mfupa ndani.

"Hicho ni kioo au ukuta? Futa tena."

Njiti akafuta tena.

Aliyemchukia zaidi mle botini alikuwa fundi wa injini. "Nahodha, boti si mahali pa kulelea watoto," alikuwa akisema, makusudi Njiti asikie. "Siku huyu akiharibu hata msumari mmoja, namshusha kwa mkono wangu, na hapandi tena."

"Akiharibu, utamshusha," Shangazi alijibu.

Neno hilo lilimwingia Njiti kifuani likakaa. Shuleni alikuwa mtoto aliyeachwa kwa watu. Nyumbani alikuwa mdomo wa kulishwa. Botini tu ndipo alipojiona mtu mwenye kazi yake.

Mbele ya boti palikuwa na tangi dogo lililokazwa sakafuni kwa skrubu. Ndani yake mlikuwa na mafuta safi ya kupikia ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Chini ya tangi kulikuwa na koki, na kwenye koki mpira uliotoka nje ya boti hadi kwenye mfuko wa turubai uliotobolewa vitundu kwa sindano. Pale ghuba inapokutana na bahari kuu palikuwa na fungu la mchanga. Upepo ukichafuka, mawimbi yalivunjika hapo kama kuta zinazobomoka. Nahodha alipaswa kusubiri nje, afungue koki, mafuta yavuje polepole na kuchukuliwa mbele na maji yanayojaa. Kisha boti ilipita juu ya njia hiyo iliyolainishwa.

"Mafuta hayaliondoi wimbi," Shangazi alimweleza siku moja. "Litakuinua na kukushusha kama kawaida. Ila yanalizuia lisivunjike. Linaloua ni lile linalovunjika."

Njiti alikwenda kuyatangaza hayo darasani, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Fundi wa injini alikuwa na binti wa darasa moja na Njiti, jina lake la utani Tarumbeta, maana akinong'ona kona hii, kona ile wanasikia. Alasiri moja alikuja gatini na kundi zima nyuma yake.

"Eti mafuta yanatuliza bahari!" alisema. "Basi siku ukiwa na hasira tukupake kichwani."

Wenzake wakaangua kicheko.

"Kamuulize baba yako kama nadanganya," Njiti alijibu.

"Baba anasema wewe ni mzigo. Tena mzigo usiolipiwa nauli."

Njiti akawaka. Shangazi na fundi walikuwa ofisini. Alirukia botini akafungua koki. Mafuta kidogo yakatoka mfukoni yakadondoka majini. Vijiwimbi vilivyokuwa vikicheza ubavuni mwa boti vikalala, na pale pakawa laini kama nguo iliyopigwa pasi. Watoto wakasogea ukingoni kutazama.

Ila Tarumbeta hakuwa wa kukosa la kusema. "Hayo nayo mawimbi? Hata bata angeyatuliza."

Kicheko kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza. Njiti aliizungusha koki mara moja, kwa pupa, akaruka gatini kumfukuza. Hakutazama nyuma.

Kesho yake aliporudi kupiga deki aliona mfuko wa turubai unang'aa. Aliishika koki, haikuwa imefungwa sawasawa; akaikaza. Alifungua kifuniko cha tangi akachungulia. Mafuta yalikuwa yamevuja usiku kucha. Yaliyobaki hayakufika hata theluthi.

Wakati ule angeweza kusema. Shangazi alikuwa palepale kwenye usukani, hatua chache tu. Lakini kutoka chini, chumba cha injini, alisikia fundi akikohoa, na lile neno lililokaa kifuani likaamka: namshusha kwa mkono wangu.

Alisubiri Shangazi ashuke kwenda ofisini, akachukua ndoo ya kufulia akaenda kwenye bomba la gatini, akarudi, akaenda tena. Ndoo mbili za maji zikaingia tangini. Mafuta yakapanda juu ya maji mpaka karibu na kifuniko, ya manjano, mazuri, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mafuta hukaa juu ya maji. Jambo hilohilo linaloyafanya yaokoe watu ndilo lililomfichia Njiti uongo wake.

Jioni Shangazi alifanya ukaguzi wake wa kila wiki. Alifungua kifuniko, akachovya kidole, akanusa.

"Vizuri," alisema.

Lilikuwa neno ambalo Njiti alilitamani tangu siku ya kwanza. Siku hiyo aliinama akaendelea kufuta kioo kilichokuwa kisafi tayari.

Haikupita wiki, upepo ukabadilika. Boti ilikuwa imeshavuka asubuhi hali ikiwa shwari. Ilipogeuka kurudi, bahari ilikuwa imekasirika. Watu walijazana gatini kwenye kibanda cha tiketi, ambamo karani, mama mmoja mnene asiyependa maswali, alikuwa na redio ya kuzungumzia na boti. Njiti alijipenyeza hadi mlangoni. Tarumbeta alikuwa ameshafika, kimya kwa mara ya kwanza maishani mwake. Baba yake alikuwa humo botini.

"Nilisema mimi!" alipiga kelele mtu mmoja ambaye mkewe alikuwa miongoni mwa abiria. "Nilisema, mwanamke kushika usukani ni kutafuta msiba! Nikimpata huyo nahodha!"

"Nyamazeni nisikie!" karani alifoka.

Redio ikakwaruza, kisha sauti ya Shangazi ikatoka, tulivu kama mtu anayeagiza chumvi dukani. "Gatini, nipo nje ya fungu. Mawimbi yanavunjika vibaya. Nimefungua mafuta sasa hivi. Nayaacha yatangulie kidogo, halafu naingia."

Watu wakashusha pumzi. Mmoja akasema, "Afadhali, ana mafuta."

Njiti peke yake ndiye aliyejua kinachotoka kwenye ule mfuko. Koki iko chini, na chini kulikuwa na maji. Shangazi alikuwa akimwaga maji baharini, na kwa ule ukungu wa povu hangeweza kuona tofauti. Angeingia kwenye fungu akiamini njia imelainika.

"Mama karani," alisema. Karani hakugeuka. Akarudia. "Mama karani, yale si mafuta."

"Toka hapa. Hapa si mahali pa watoto."

"Ni maji! Nilitia maji kwenye tangi! Mafuta yalimwagika, mimi niliyamwaga, nikajaza maji!"

Kibanda kizima kikageuka. Njiti hakuwahi kutazamwa na macho mengi namna ile, na hakuna hata jicho moja lililokuwa na huruma. Tarumbeta alimshika nywele. "Baba yangu yumo! Muuaji wewe!" Yule mtu mwenye mke botini aliinua mkono kumpiga, karani akausukuma, si kwa kumpenda Njiti, bali alihitaji nafasi. Alimvuta mtoto kwa sikio mpaka mezani, akambandika kipaza sauti mdomoni.

"Mwambie mwenyewe. Haraka."

"Shangazi," Njiti alisema. "Usiingie. Chini kuna maji. Mafuta yako juu."

Redio ikakwaruza. Palisikika upepo tu.

"Maji kiasi gani?" Shangazi aliuliza.

"Ndoo mbili."

"Kubwa au ndogo?"

"Ile ya kufulia, Shangazi."

"Mafuta?"

"Hayafiki theluthi ya tangi."

"Toka kwenye redio."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna neno la hasira wala la faraja. Watu wote walikaa wakikitazama kile kisanduku kana kwamba ni mlango wa chumba cha mgonjwa. Kule nje, kama walivyosimulia abiria baadaye, nahodha aligeuza boti ikatazama upepo, fundi akatambaa hadi mbele, akachomoa mpira, akaifungua koki yote. Aliyaacha maji yamwagike sakafuni mpaka alipoona rangi ya manjano. Akaurudisha mpira, akaikaza koki, akaibakiza wazi kidogo sana. Wimbi moja lilimkuta hapohapo, likamtupa kwenye kioo, kioo kikapasuka na kumchana mkono.

Mafuta yalikuwa haba. Yalilainisha kijia chembamba tu, kama mkeka ulionyooshwa kati ya kuta mbili. Kuta zilivunjika kulia, zikavunjika kushoto, na boti ikapita katikati ikipanda na kushuka, abiria wakimwita Mungu kwa sauti moja.

Boti ilipofunga kamba gatini, hakuna aliyeshangilia. Watu walilia, walikumbatiana, na waliokwisha kukumbatiana walitafuta wa kumtukana. Fundi aliruka wa kwanza, mkono umefungwa kitambaa chenye damu.

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa, baba," alisema Tarumbeta.

Shangazi alishuka wa mwisho, baada ya abiria wote. Nguo zake zilikuwa zimelowa mafuta na maji. Alisimama kati ya fundi na Njiti.

"Fundi, tulisema akiharibu utamshusha," alisema. "Ameshashuka. Hapandi tena mpaka wewe mwenyewe useme apande. Lakini usimguse. Aliyetufanya tusizame ni yeye."

"Aliyetaka tuzame ni yeye!"

"Na hilo pia," alisema Shangazi. "Yote mawili ni yake."

Walikwenda nyumbani. Njiani watoto wawili walimtemea Njiti mate miguuni, na Shangazi aliendelea kutembea. Nyumbani alimpa beseni na sabuni, akamwambia afue zile nguo zenye mafuta. Njiti alifua mpaka akashindwa kuzuia machozi.

"Shangazi, nilisema ukweli. Mbele ya watu wote. Mbona bado wananichukia?"

Shangazi alivuta kigoda akaketi.

"Kumwaga mafuta ni ajali. Mimi mwenyewe nimemwaga vingi. Ungeniambia siku ile, ningekugombeza, tungenunua mengine, na leo fundi angekuwa na mikono miwili mizima. Ulipotia maji ndipo ulipokosea, kwa sababu ulitaka tangi lionekane zuri kuliko kuwa zuri. Na kama uliogopa mdomo wangu, hilo ni kosa langu, nitalipeleka kwa Mungu kwenye sala ya usiku. Kidole changu nacho kilikagua juu tu, hakikukagua chini."

"Lakini nilisema, Shangazi."

"Ulisema, na watu wako hai. Namshukuru Mungu aliyekufungua kinywa. Ila sikiliza, mwanangu." Lilikuwa neno jipya mdomoni mwake, na alilitamka kama mtu anayejaribu kiatu. "Ulidhani ukweli ni sabuni, ukiupaka doa linatoka palepale? Hausemwi ili upendwe. Unasemwa kwa sababu watu wanauhitaji, hata wanaokuchukia. Kupendwa kutakuja polepole, au hakutakuja. Kesho asubuhi tutakwenda kwa fundi kumwomba radhi. Utabisha hodi wewe."

"Na akinifukuza?"

"Atakufukuza," alisema Shangazi, akainuka kuanika nguo. "Keshokutwa utabisha tena."