Nopali Zisizovuta Uzi

Kila asubuhi Eduviges alimfungia mumewe chakula cha shambani. Alimwekea maharage, tortilla za moto, zile chapati za mahindi, zilizofungwa kwa kitambaa, na kopo la nopali, yaani majani ya mpungate yanayoliwa kama mboga. Mumewe, Macedonio, alikuwa mkulima wa nopali, kama karibu kila mtu wa Milpa Alta, huko Meksiko. Ukipanda mlimani huko huoni mmea mwingine, ni hayo majani mapana ya mpungate tu, safu kwa safu. Sasa mke wa mkulima wa nopali asipojua kuzipika, ataficha wapi uso wake?

Na Eduviges hakujua. Nopali zake zilivuta uzi kama mlenda. Alizikata vipande, akazichemsha kwa maji tele, akafunika sufuria. Humo humo alitumbukiza sarafu ya shaba, maana mama yake alimwambia shaba hukata utelezi. Sarafu ilitoka inang'aa. Utelezi ulibaki pale pale.

Lakini kopo lilirudi tupu kila jioni, kwa hiyo Eduviges aliridhika.

Siku moja Macedonio alisahau kofia nyumbani. Jua lilikuwa kali, mkewe akamwonea huruma, akapanda nayo mlimani. Alipokaribia ukuta wa mawe wa mpaka wa shamba lao alisikia kicheko cha mwanamke na mlio wa bangili. Alikuwa Rosenda, jirani yao, mjane mwenye shamba upande wa pili. Macedonio alikuwa amechuchumaa kando ya moto wa mjane huyo, tortilla mkononi, anachota nopali za Rosenda kikaangoni. Nopali za Eduviges zilikuwa zimemwagwa chini mbele ya mbwa. Mbwa alizinusa, akaenda zake.

Eduviges aliiweka kofia juu ya ukuta, akashuka. Njia nzima alikionea wivu kile kicheko. Aliionea wivu ile mikono yenye bangili. Aliuonea wivu hata moshi wa moto wa Rosenda.

Jioni Macedonio alirudi na kofia kichwani na kopo tupu mkononi. Siku mbili nyumba nzima ilinuna. Siku ya tatu, mume alipokwenda sokoni, Eduviges alijifunga kitambaa kichwani akaenda kwa Rosenda.

Alimkuta mlangoni, anakwangua miiba ya nopali kwa kisu.

"Doña Rosenda, nimekuja tuongee kama watu wazima. Unampa nini mume wangu?"

"Nopali, bibie. Ulitaka nimpe nini?"

"Usinichezee! Mwanamume haachi chakula cha mkewe hivi hivi."

Rosenda aliweka kisu chini. "Basi nisikilize. Huyo mumeo akija pale motoni, ni Eduviges kasema hivi, Eduviges kafanya vile, mpaka masikio yananiuma. Mimi mwaka wa nne huu nimefiwa. Sina mtu wa kunitaja, hata kwa ubaya. Sasa kati yetu, nani amwonee mwenzake wivu?"

Eduviges aliona haya, akatazama chini. "Kwa nini hakuniambia chakula changu kibaya?"

"Hilo muulize yeye. Mimi najua nopali tu. Wewe unazipikaje?"

Eduviges akaeleza: maji, kifuniko, sarafu.

"Maji!" Rosenda akapiga makofi kwa mshangao. "Nopali yenyewe ina maji tele. Ukiiongezea mengine na kuifunika, ule utelezi utakwenda wapi? Na sarafu yako ivae shingoni kama mkufu, haipiki kitu. Njoo ndani."

Aliziosha nopali zikiwa nzima, akazifuta kwa kitambaa mpaka zikakauka. "Usioshe baada ya kukata," alisema. "Ukikata, utelezi unaanza kutoka." Ndipo akazikata vipande vyembamba. Kwenye kikaango kipana alitia kijiko cha mafuta, kitunguu na pilipili mbichi, kisha nopali na chumvi kidogo. Tone la maji hakutia.

Baada ya dakika chache utelezi ulifoka, ukajaa kikaango. Eduviges akaruka. "Si unaona! Ndio uleule wa kwangu!"

"Tulia. Uache utoke wote. Usifunike, usikorogekoroge, moto uwe wa wastani. Utakauka wenyewe."

Wakangoja kama dakika ishirini. Povu likapungua, likaisha. Nopali zilikuwa zimebadilika rangi, kijani kibichi kimekuwa kijani kilichoiva. Rosenda akazikamulia ndimu, akanyunyiza kotmiri na jibini nyeupe iliyovurugwa. Eduviges akaonja. Hakuna uzi hata mmoja. Zilikuwa tamu, na ndilo lililomuuma zaidi.

Kesho yake alizipika mwenyewe, vilevile, ila akazidisha jibini. Macedonio alirudi jioni na kopo tupu.

"Leo mbwa kazipenda?" aliuliza Eduviges.

Macedonio akavua kofia, akaizungusha mikononi. "Nisamehe, mke wangu. Niliogopa kukuvunja moyo."

"Uliuvunja nilipokuona pale motoni. Chakula kikiwa kibaya niambie mimi, usimwambie jirani."

"Nitakuambia. Lakini cha leo sijakila hata nusu."

"Kina nini tena?"

"Kamaliza Rosenda! Nimegeuka kuchukua tortilla, kopo tupu. Anasema umempita kwa upishi, na kwamba hajapikiwa na mtu tangu amzike mumewe."

Eduviges alicheka mpaka akakaa chini. Huruma ilimjaa, na wivu nao haukuwa umehama. Asubuhi alifunga makopo mawili, yote yamejaa.

"Hili lako, hili la Rosenda," alimwambia mumewe. "Yeye ale lake, wewe ule lako. Na kila mtu akae upande wake wa ukuta."