Shangazi Venu na Sinia la Mchanga

Kaeni sawa, wanangu. Toeni kidole kimoja, kile cha kuonyeshea. Kisikilize na chenyewe, maana tutakihitaji.

Zamani, kule India, katika mji mdogo wa Ambevadi, palikuwa na mtoto aitwaye Chimi. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, na maneno yake yalikuwa hayaishi.

Nyumbani kwa Chimi wanawake walivaa bangili za kioo. Mama akikoroga chungu, kiling'i, kiling'i. Bibi akifunga maua, kiling'i, kiling'i. Hata Chimi akijikuna pua, kiling'i kidogo.

Ila mikono ya Shangazi Venu ilikuwa kimya.

Shangazi Venu alikuwa dada yake Baba. Alikuwa bado kijana, na mume wake alikuwa amefariki. Enzi zile, kwao, mwanamke akifiwa na mume anavuliwa bangili. Havai rangi nzuri, wala hachomeki ua kwenye nywele. Anakaa nyuma, karibu na jiko, peke yake.

Haikuwa haki. Mimi nasema hivyo, na Chimi alisema hivyo kila siku, mpaka akaambiwa anyamaze.

Tena watu walisema kwamba uso wa mjane asubuhi ni nuksi. Eti ukimwona yeye kwanza, siku yako nzima imeharibika. Mambo gani hayo, jamani.

Jirani yao, Babu Narhari, aliamini sana. Alikuwa muuza vitambaa, mwenye masharubu makubwa na kilemba kikubwa zaidi.

Asubuhi moja Babu Narhari alitoka kwenda dukani. Akamwona Shangazi Venu anafagia uwanja, akaona lazima aiondoe nuksi. Akarudi ndani. Akavua viatu. Akanywa maji, gugu, gugu, gugu. Akaanza upya.

Kesho yake akamwona tena. Akarudi ndani. Akavua viatu. Akanywa maji, gugu, gugu, gugu. Akaanza upya, tumbo likicheza kama kiriba.

"Shangazi," Chimi akauliza, "kwa nini Babu Narhari anakunywa maji mengi hivyo?"

"Ananiogopa mimi, mwanangu."

"Wewe? Wewe unaogopa mjusi."

Shangazi Venu akacheka. Alipocheka, kishimo kidogo kilitokea shavuni. Watu hawakukijua kile kishimo, kwa sababu walikuwa hawamtazami.

Kulikuwa na jambo jingine wasilolijua. Shangazi Venu alijua kusoma. Wasichana wa Ambevadi hawakufundishwa kusoma, walifundishwa wavulana tu. Lakini mume wake alimfundisha, herufi moja moja, jioni baada ya kazi.

Siku moja Shangazi Venu alichukua sinia la shaba. Akalimwagia mchanga laini. Akamwita Chimi.

"Lete kidole," akasema.

Swi, juu. Swi, chini. Swi, mkia.

"Hii ni herufi ya kwanza ya jina lako, mwanangu."

Chimi akaitazama. Alikuwa hajui kwamba jina lake lina sura. Akaiandika tena. Swi, juu. Swi, chini. Swi, mkia.

"Na Thaku je? Jina lake likoje?" Thaku alikuwa rafiki yake, mjukuu wa Babu Narhari.

Shangazi Venu akafikiri. Kisha akabeba sinia, akaenda mbele ya nyumba. Huko alikuwa haendi ila kufagia tu. Bibi alikuwa amekaa huko, anafunga maua.

"Mama," Shangazi Venu akasema, "naomba baraza hili la mbele. Asubuhi tu. Nataka kufundisha wasichana kusoma."

Bangili za Bibi zikanyamaza.

"Watu watasema, Venu."

"Wanasema tayari, Mama."

Bibi akatazama maua yake. Akatazama juu. Mwezi mwembamba, kama ukucha, ulikuwa umeanza kuonekana.

"Haya," Bibi akasema. "Baraza chukua. Lakini mwezi ule ukijaa na wasichana hawajaja, sinia linarudi jikoni. Na wewe unarudi nyuma, na habari ya shule isitajwe tena humu ndani."

Basi Shangazi Venu akafagia baraza. Akaweka sinia katikati. Akakaa, akangoja.

Hakuja mtu.

Kesho yake akafagia tena, akangoja. Alikuja kuku. Akatembea juu ya mchanga, akaandika mambo yake, akaondoka.

Mwezi ukanenepa kidogo.

Chimi akaenda kwenye uzio, akachungulia. Thaku alikuwa upande wa pili, naye anachungulia.

"Njoo usome," Chimi akasema. "Jina lako lina sura."

"Natamani," Thaku akasema. "Lakini Babu amesema nisimwone shangazi yako asubuhi. Nuksi itanishika."

Chimi akafikiri. Akafikiri mpaka ulimi ukatokea pale penye pengo.

"Basi usimwone," akasema. "Njoo umejifunga macho."

Asubuhi iliyofuata wakaja. Thaku mbele, binti za mjomba wake nyuma, wote wamejifunga vitambaa machoni. Walishikana nguo, mmoja nyuma ya mwingine. Wakaingia kwenye kichaka. Wakatoka kichakani. Thaku akamgonga ng'ombe.

"Samahani, mama," Thaku akamwambia ng'ombe.

"Mooo," akasema ng'ombe. Aliona ni sawa tu.

Chimi akacheka, akageuka ili wacheke na Shangazi Venu. Shangazi Venu alikuwa hacheki.

Wasichana wamekuja, ndiyo. Lakini wamejifunga macho ili wasimwone yeye. Iliuma. Chimi aliona inauma, na yeye akaumia, kwa kuwa wazo lilikuwa lake.

"Niwafungue, Shangazi?" akanong'ona.

"Hapana, mwanangu. Macho ni yao. Watafungua wenyewe." Akajifuta uso kwa pindo la nguo. Akasogeza sinia. "Haya, wasichana. Leo leteni vidole tu."

Akashika kidole cha Thaku, taratibu. Swi, juu. Swi, chini. Swi, mkia.

"Ooh," akasema Thaku ndani ya kitambaa chake.

Kesho wakaja tena. Na kesho kutwa. Walimgonga ng'ombe kila siku, na kila siku wakamwomba radhi. Vidole vikajifunza herufi moja, kisha nyingine, kisha nyingine.

Mwezi ukanenepa. Ukanenepa tena.

Bibi alisimama mlangoni akiwatazama.

"Hii ni shule gani ya watu waliojifunga macho?" akasema. "Mimi hawa siwahesabu. Mwezi ukijaa, Venu, nataka kuona macho."

Na mwezi ulikuwa umebakiza kidogo sana kujaa.

Siku hiyo Shangazi Venu hakusema mengi. Chimi naye hakusema mengi, na hilo halikuwa jambo la kawaida. Mchanga tu ndio uliosikika. Swi, juu. Swi, chini.

"Shangazi Venu," Thaku akauliza, "nimeandika sawa?"

"Sawa kabisa."

"Ni nzuri?"

"Mimi naiona nzuri. Wewe je, unaionaje?"

Kidole cha Thaku kilikuwa bado mchangani. Alikuwa ameandika jina zima, na alikuwa hajaliona.

Akashika kitambaa. Akakivuta chini kidogo. Likatokea jicho moja.

Jicho likaona mchanga. Likaona jina.

Akavuta tena. Likatokea jicho la pili. Macho yote mawili yakapanda juu, yakamwona Shangazi Venu.

Chimi akabana pumzi. Wakangoja nuksi.

Paa halikuanguka. Kuku hakukohoa. Ng'ombe aliendelea kutafuna.

"Una kishimo shavuni," Thaku akasema.

"Wapi? Wapi?" wakauliza wengine. Vitambaa vyote vikashuka, fya, fya, fya. Macho meusi yakajaa barazani, yakimtazama Shangazi Venu. Naye akayatazama, na kishimo kikazidi kuingia ndani.

Chimi akavimba kifua. "Huyo ni shangazi yangu," akasema.

Lakini Thaku hakuweza kunyamaza na furaha kama ile. Jioni alimsimulia babu yake kila kitu, mpaka kishimo.

"Umemtazama?" Babu Narhari akauliza.

"Nimemtazama, Babu."

"Basi kesho huendi. Wala wenzako hawaendi."

Na kesho ndiyo siku ya mwezi kujaa.

Chimi alisikia habari hiyo kwenye uzio, alfajiri, Thaku akilia upande wa pili. Chimi naye akalia. Kisha wote wawili wakafuta kamasi, maana kulia kulikuwa hakuwasaidii.

"Unajua kuandika jina langu," Chimi akasema. "Unajua lako. La babu yako je?"

Thaku akatazama kidole chake. "Kinalijua," akasema.

Sasa niwaambie jambo la kule kwao. Maandishi hayakanyagwi. Hata kipande cha karatasi kikiguswa na mguu, mtu anainama na kukiomba radhi. Mtoto anajua hivyo, na babu anajua hivyo.

Asubuhi Babu Narhari alivaa kilemba. Akavaa viatu. Akafungua mlango, akainua mguu.

Mguu ukabaki hewani.

Pale chini, kwenye vumbi mbele ya mlango, palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa: NARHARI.

Akatazama mbele. Shangazi Venu alikuwa anafagia uwanja, na Chimi yuko kando yake. Akatazama chini. Jina lake. Akatazama nyuma. Mtungi wa maji. Mguu ukaanza kutetemeka.

"Nani ameandika hapa?" akauliza.

"Mimi, Babu," Thaku akasema.

Babu Narhari akashusha mguu ndani ya kizingiti. Akainama. Aliangalia kila herufi, na hakuna iliyokosewa. Mama yake mzazi, aliyempa jina lile, hakujua kuliandika. Mkewe hakujua, wala binti zake. Na huyu mdogo, asiyefika hata kwenye kitasa, ameliandika vizuri hivi kwa kidole.

Masharubu yakacheza. Macho yakalowa.

"Nani amekufundisha, mjukuu wangu?"

Kabla Thaku hajajibu, Chimi akaita kutoka uwanjani, kwa sauti iliyofika mpaka sokoni:

"Huyo ni shangazi yangu!"

Babu Narhari akasimama wima. Akapandisha nguo yake magotini. Akaruka jina lake, hopa. Kilemba kikaenda upande. Akatua njiani, uso kwa uso na Shangazi Venu.

Mtaa mzima ukangoja.

Hakurudi ndani. Hakuvua viatu. Hakunywa maji.

Aliunganisha viganja vyake, akainamisha kichwa.

"Namaste, Mwalimu," akasema. "Huyu Thaku anachelewa shule. Na hao wenzake pia."

Shangazi Venu naye akaunganisha viganja. Machozi yakapita juu ya kishimo.

Siku hiyo baraza lilijaa. Walikuja hata majirani waliokuwa wanachungulia tu. Mchanga haukutosha, ikabidi mama yake Chimi alete mwingine.

Bibi akatoka. Akatazama macho yote yale yaliyofunguka. Akamtazama binti yake aliyekaa katikati yao, akifundisha. Akaingia ndani.

Baadaye Shangazi Venu alifungua shule nyingine, na nyingine. Alitembea mpaka vijiji vya mbali. Alijenga nyumba kwa ajili ya wajane waliokaa nyuma ya majiko, akawaambia watoke wakae mbele. Wako waliomtukana njiani, naye hakuacha kwenda. Kila alikopita, mtu akiuliza ni nani yule, sauti moja ilimjibu. Mnaijua sauti hiyo. Semeni nayo:

"Huyo ni shangazi yangu."

Lakini hayo ni ya baadaye. Turudi kwa Chimi, siku ile ile, wakati wa kulala.

Mwezi ulikuwa umejaa, mweupe juu ya paa. Chimi alikuwa chini ya shuka. Kupitia mlangoni aliwaona Bibi na Shangazi Venu barazani.

Bibi alikuwa amebeba kitu ndani ya kitambaa.

"Nyoosha mikono, Venu," akasema.

"Mama, watu watasema."

"Wanasema tayari," akasema Bibi.

Akafungua kitambaa. Zilikuwa bangili, za kijani, za kioo.

"Mikono yangu ndiyo iliyokuvua," Bibi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Iache ikuvishe."

Akamvisha moja moja, mkono huu, kisha mkono ule. Halafu akamkumbatia.

Chimi akafumba macho. Haya, na ninyi fumbeni. Kidole nacho kilale.

Kule barazani mtu alikuwa anasawazisha mchanga kwenye sinia, kwa ajili ya wasichana wa kesho. Swi, swi, swi.

Na pamoja na mchanga ilisikika sauti nyingine, mpya, ya mikono ambayo haikuwa kimya tena. Kiling'i, kiling'i.

Chimi alikuwa karibu kabisa kulala. Hakuhitaji kufungua macho ili ajue ni nani.

"Huyo," akanong'ona, "ni shangazi yangu."