Nani Kakukwangua Mgongo?

"Nani kakukwangua mgongo, Mas?"

Tunggul alishtuka, akaivuta kola ya shati juu. Alikuwa ameinamia gurudumu la pikipiki kwenye karakana yake pale Klaten, na mchumba wake Wigati, aliyezoea kumwita Mas, kaka, naye akiitwa Dik, mdogo wangu, alikuwa amesimama nyuma yake na chakula cha mchana mkononi. Alishaiona. Mistari miwili myekundu, mibichi, imeanzia shingoni na kupotelea ndani ya shati.

"Upepo uliniingia, Dik. Homa tu."

"Sijauliza umeumwa nini. Nimeuliza nani kakukwangua."

"Ibu."

Hapo ndipo alipoharibu. Wigati alikuwa ametoka kwa huyo Ibu, mama yake Tunggul, muda huohuo, na mama mtu alikuwa analalamika kwamba mwanawe siku hizi hata akiungua na homa hataki kuguswa mgongo. Na Java nzima inajua, humvulii shati mtu yeyote tu akukwangue kwa sarafu na mafuta ya kuchua kutoa upepo mwilini. Ni mama yako au mkeo. Kama si hao, basi yupo mwingine, na harusi ilikuwa imebaki wiki tatu.

"Mas, una mwanamke?"

Tunggul akachukua tambara, akafuta mikono, akafuta na kufuta.

"Nenda nyumbani, Dik. Nitakuandikia."

Na kweli aliandika. Ujumbe uliingia alasiri, Wigati akiwa kwenye cherehani anamalizia mikono ya kebaya yake ya harusi.

"Dik, tuvunje harusi. Wewe huna kosa. Tafuta mwingine wa kuzeeka naye. Nisamehe."

Alipiga simu mara nne, haikupokelewa. Mara ya tano akampigia mama mkwe.

"Bu, niambie ukweli. Mwanao akifunga karakana anapitia wapi?"

"Sikutaka kukuumiza, mwanangu. Jirani kamwona kila Alhamisi anaingia nyumba yenye mlango wa kijani, nyuma ya tanuri la matofali."

Wigati hakulia. Alipanda pikipiki, na njia nzima alikuwa anapanga matusi. Mlango aliugonga kama anayetaka kuung'oa. Ukafunguliwa na bibi kizee asiye na meno ya mbele, mikono inang'aa mafuta.

"Yuko wapi?"

"Nani, Nduk, binti yangu?"

"Huyo mwanamke anayemkwangua Tunggul!"

Bibi alijitazama kuanzia kifuani hadi miguuni, akacheka mpaka akashika mlango.

"Ndiye mimi, Mbah Kasinem, bibi mkandaji. Ningekuwa na miaka ishirini, Nduk, ungekuwa umeshachelewa!"

Wigati alitamani ardhi immeze. Lakini bibi hakucheka tena. Alimvuta ndani, akamkalisha mkekani.

"Bora umekuja, nimechoka kutunza siri ya yule kijana. Ana uvimbe mgongoni, chini ya bega. Anataka niukande mpaka uyeyuke. Wiki sita hauyeyuki, yeye anazidi kuumia tu. Safari hii nikamwambia siugusi tena, nikamkwangua upepo, nikamwambia aende kwa daktari. Alilia hapahapa. Baba yake aliuawa na uvimbe."

Hasira yote ikamtoka Wigati, ikabaki hofu. Akaushika mkono wa yule bibi wenye mafuta, akauweka kwa heshima kwenye paji lake mwenyewe.

"Asante, Mbah. Asante sana."

Akarudi karakana mbio.

"Vua shati."

"Dik, watu wataona..."

"Nimetoka kwa mwanamke wako wa mlango wa kijani. Vua!"

Tunggul akaketi juu ya tairi.

"Baba alianza hivihivi, shingoni. Ibu akabaki mjane ana miaka thelathini na moja. Nisingeweza kukufanyia hivyo. Nakupenda, Dik."

"Unanipenda, halafu unanipangia? Kama ni ujane, nitauchagua mwenyewe! Kesho saa mbili tuko kwa daktari."

Asubuhi, Daktari Ningrum wa kituo cha afya aliubonyeza uvimbe polepole.

"Una muda gani?"

"Miaka mitatu. Unakua kidogokidogo."

"Unauma?"

"Haukuuma mpaka nilipoanza kukandwa."

"Dada, weka kidole hapa. Unaona unavyoteleza? Ni laini, haujagandamana na kitu chini. Dalili zote ni za mafuta tu yaliyojikusanya chini ya ngozi. Siyo saratani. Watu wengi wanao wala hawana habari."

Tunggul aligeuka nusura aanguke kitandani. "Lakini wa Baba, Dokta..."

"Ulikuwaje?"

"Mgumu kama jiwe. Kila mwezi unaongezeka."

"Basi ulikuwa kitu kingine. Hata hivyo siamini kidole peke yake, tutapiga picha ya ultrasound tuwe na hakika. Ukiona unakuwa mgumu, au unakua haraka, usingoje, njoo. Ukikukera, tutautoa kwa upasuaji mdogo. Na kukandwa iwe mwisho."

Picha ikasema yaleyale. Mafuta. Tunggul alitoka nje, akachuchumaa kando ya ukuta, akalia kama aliyefiwa, na Wigati akamwachia alie, maana hata yeye alikuwa anamshukuru Mungu kwa sauti bila kujali nani anamsikia.

Harusi haikusogezwa hata siku moja. Ulipofika wakati wa maharusi kupiga magoti kwa wazazi, kuomba radhi na kushukuru, Tunggul alimpigia magoti mama yake. Akampigia Mbah Kasinem, aliyeketishwa pembeni ya mama. Halafu, bila kuelekezwa na mtu, akageuka akampigia magoti bibi harusi.

Mama mpambaji akamaka. "We! Siyo huko! Tangu lini bwana harusi akampigia mke magoti?"

"Asante, Dik," Tunggul akasema.

"Ya nini tena? Inuka Mas, watu wanatuangalia."

"Ya wivu wako. Ungekuwa mpole, saa hizi kila mtu angekuwa kwao analia."

Wigati akacheka huku machozi yanamharibia poda, akapiga magoti naye, na wazee wakawangoja.