Hicho ni Kilio Changu

Jua lilikuwa linazama mbunifu wa mavazi alipofungua karakana kuchukua gauni la maonyesho ya kesho. Jeusi, refu, mgongo wazi. Msimu mzima magauni ya mtindo huo yalikuwa yakinunuliwa kama njugu, na kila aliyeuliza aliambiwa ni ubunifu wake.

Uongo mtupu. Gauni la kwanza lilishonwa na shangazi yake, fundi aliyemlea na kumfundisha kushika sindano. Alilishona kwa mkono, huku analia, wiki aliyomzika mwanawe wa pekee. Shangazi alipolazwa hospitali, mbunifu alilichomoa kabatini, akalinakili, akafungua mgongo, akatia vito vya kumetameta.

Shangazi alipotoka hospitali na kuliona kwenye dirisha la duka, aliingia ndani moja kwa moja.

"Mwanangu, hicho ni kilio changu. Usikiuze."

"Shangazi nawe! Siku hizi nyeusi si msiba, ni fasheni. Watu wanalivaa kuchezea muziki."

Mwezi haukuisha, shangazi akafariki.

Sasa mbunifu alikuwa analikunja gauni, mlango ukagongwa. Mara moja tu.

Akaingia mwanamke aliyejifunika gubigubi. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumba.

"Nipime," alinong'ona.

"Tumefunga, mama."

"Nipime."

Mbunifu hakujua kwa nini alitii. Akachukua futi. Kifua, thelathini na sita. Kiuno, ishirini na tisa. Bega la kushoto limeshuka kidogo...

Kalamu ikasita. Vilikuwa vipimo vya mbunifu mwenyewe.

"Gauni la nini?"

"La mama aliyefiwa na mtoto."

"Pole sana. Amefariki lini?"

Mwanamke akamsogelea sikioni.

"Bado."

Taa ikazimika. Ilipowaka, mbunifu alikuwa peke yake, futi imemkaza shingoni.

Alikimbia hadi nyumbani, roho mkononi. Binti yake wa miaka sita alikuwa sebuleni anachora, buheri wa afya. Alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

Kwenye maonyesho hakwenda. Alikusanya magauni yote meusi akayatia moto, kisha akaenda kupiga magoti kaburini kwa shangazi kuomba radhi.

Aliporudi karakana, mezani palikuwa na kitambaa cheusi, kimekatwa kwa vipimo vyake. Akakichoma nacho. Asubuhi kilikuwa palepale, na ubavu mmoja umeshashonwa kwa mkono. Mishono midogo, iliyobanana. Aliifahamu tangu utotoni.

Amehama karakana. Amehama nyumba, hata mtaa. Gauni humtangulia, na kila jioni huongezeka mshono. Juzi kola. Jana mkono wa kulia.

Leo binti yake amerudi kutoka shuleni analalamika kichwa kinamuuma. Mbunifu amemlaza, amemfunika, amekaa pembeni ya kitanda bila kupepesa macho.

"Mama, nasikia baridi."

Na kutoka chumba cha pili, kisicho na mtu, inasikika sauti ya uzi ukivutwa kitambaani... taratibu... bila haraka yoyote.